Kujaribu maumbo ya mausipisi ya besi kwa nta, karatasi na chaki

Besi, yaani chombo kikubwa cha sauti ya chini, ndiyo inayobeba kikundi cha tarumbeta, lakini mausipisi yake, kile kipande cha kupulizia kinachogusa midomo, ndiyo hufikiriwa mwisho. Tarumbeta ndogo ikisumbua, mpigaji atahangaika mpaka apate nyingine. Besi ikisumbua, mpigaji anaambiwa aongeze pumzi. Wengi wetu hapa Tabora tunapulizia mausipisi iliyokuja na chombo cha msaada, au iliyoazimwa kutoka kikundi kingine ikabakia hapo hapo, na hakuna aliyewahi kuipima aone kama inaelewana na bomba linaloipokea, achilia mbali midomo inayoigusa.

Mwongozo huu ni wa anayepiga tuba, sausafoni, eufoniamu au tromboni ya besi, anayetaka kujua umbo lipi linamfaa kwa kulijaribu mwenyewe. Msimamo wangu ni mmoja: drili na tupa visiguse chuma mpaka umeshalisikia kwa masikio yako badiliko unalolitaka. Na namna ya kulisikia kabla ya kukata tunayo, kwa sababu huu ni mkoa wa asali. Nta ya nyuki inapatikana kwa warinaji kuanzia Sikonge hadi Urambo, na nta ni kitu unachoweza kukiweka leo na kukitoa kesho bila kuacha alama.

Sehemu za mausipisi

Ukingo ni duara linalogusa midomo. Kikombe ni uwazi ulio chini yake. Koo ni tundu jembamba kuliko yote, pale kikombe kinapoishia. Baada ya koo kuna njia ya nyuma, inayopanuka polepole mpaka mwisho. Mkia ni ile sehemu ya nje iliyochongoka kidogo, inayoingia kwenye bomba la chombo.

Kwa tuba, upana wa ndani wa ukingo huwa kati ya milimita 30 na 34. Mausipisi ya kampuni ya Bach namba 24AW, ambayo utaikuta kwenye besi nyingi za zamani, ina karibu 31.25, na Bach namba 18 ina karibu 32.5. Eufoniamu na tromboni ya kawaida zinazunguka kwenye 25 na 26, na tromboni ya besi inafika 27 hadi 29. Koo la tuba huwa kati ya milimita 7.5 na 8.5, la eufoniamu kati ya 6.5 na 7.5. Tofauti hizi zinaonekana ndogo kwenye rula, lakini midomo inazisoma upesi. Tuba ya Bi flati ina bomba la karibu mita 5.5 hata kabla hujabonyeza vali, na kwenye Bi flati yake ya chini midomo inatetemeka kama mara 58 kwa sekunde. Nyama hiyo inahitaji nafasi ya kutosha kuchezea, na nafasi ikizidi nayo inachoka.

Vifaa vya kuandaa

Nta safi ya nyuki, kama kipande cha ukubwa wa limau. Chaki ya ubaoni. Karatasi ya ofisi na risiti chache za mashine ya EFD, ile ya dukani ya risiti za kodi. Bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, kutoka duka la dawa. Karatasi ya mraba ya daftari la hesabu. Kadibodi ngumu, mkasi, penseli. Kalipa ya kupimia milimita. Kama huna, mafundi wa mashine wanayo na watakuazima dakika tano ukisimama hapo hapo. Simu yenye programu ya kupima noti, na hedifoni. Daftari ambalo halitatumika kwa kingine.

Hatua ya kwanza: hakikisha mkia unakaa

Hapa ndipo penye ugonjwa mkubwa wa besi zetu, kwa sababu mikia haina kipimo kimoja. Tromboni na eufoniamu zina mkia mwembamba na mkia mnene, na baadhi ya eufoniamu za zamani zina wa katikati. Tuba za Ulaya na za Marekani nazo zinapishana kwa sehemu ya milimita. Mtu anaweza kubadilisha vikombe mwaka mzima huku shida yake ni hewa inayovuja kwenye maungio.

Ingiza mausipisi bila kuilazimisha, kisha ishike kwenye kikombe ujaribu kuitikisa kulia na kushoto. Isicheze hata kidogo. Ikicheza, usiendelee na hatua nyingine yoyote.

Baada ya hapo tumia chaki. Paka mkia mzima mpaka uwe mweupe. Ingiza taratibu, zungusha robo duara, toa, halafu uutazame kwenye mwanga wa dirisha. Chaki iliyofutika sawasawa tangu juu hadi ncha inaonyesha kwamba mkia na bomba vinashikana vizuri. Ikifutika pete nyembamba tu upande wa kikombe, basi mkia umebanwa mlangoni mwa bomba na ncha yake inaelea ndani bila kushikwa. Ikifutika ncha peke yake, mlango wa bomba umepanuka au umepindishwa, mara nyingi kwa kuangushwa. Ukimaliza futa mkia na bomba kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu vumbi la chaki likifika kwenye vali linasaga.

Angalia pia mkia unaingia kiasi gani. Milimita 20 hadi 25 ni kawaida kwa vyombo hivi. Ukizama sana, ncha inaweza kugonga mwanzo wa bomba la ndani. Kati ya ncha hiyo na mwanzo wa bomba kuna nafasi ndogo usiyoiona, na nafasi hiyo inabadili jinsi noti inavyoanza na jinsi inavyokaa mahali pake.

Unaweza kuijaribu nafasi hiyo kwa karatasi. Mikia mingi inateremka kwa karibu 1 kwa 20, yaani kila milimita 20 za urefu unene unapungua milimita 1. Karatasi ya ofisi ina unene wa karibu milimita 0.1. Ukiizungusha mara moja kwenye mkia, unene unaongezeka 0.2, na mausipisi inatoka nje milimita 4. Hilo ni badiliko kubwa. Risiti ya EFD ni nyembamba zaidi, inaitoa kama milimita 2 na kidogo. Kata utepe mwembamba, uzungushe mara moja bila kupishanisha ncha zake, kisha puliza noti ndefu na mianzo mikali ya ulimi. Nimeona besi iliyokuwa inakwama kwenye fa na sol za chini ikafunguka kwa utepe wa risiti peke yake. Ukipata hivyo, andika ulitumia nini, na siku ya kukereza mkia mpya utampa fundi namba kamili.

Mausipisi ikinasa, usiishike kwa koleo. Koleo linapinda bomba, na bomba likipinda kila kipimo ulichoandika kimekufa. Poza mkia kwa kitambaa chenye barafu, gonga bomba kwa kipini cha mbao polepole pande zote, kisha zungusha kwa mkono.

Hatua ya pili: pima kikombe ulichonacho

Ziba koo kwa donge la nta ukiliingiza kutokea nyuma. Simamisha mausipisi iwe wima. Jaza bomba la sindano maji, yatiririshe kikombeni mpaka yalingane na ukingo wa ndani, kisha soma umetumia mililita ngapi. Rudia mpaka namba zikubaliane. Huu ndio ujazo wa kikombe, na ndio namba muhimu kuliko zote zilizochongwa ubavuni. Mausipisi mbili zinaweza kuwa na upana ule ule wa ukingo, zikaachana kwa mililita kadhaa, na zikalia kama vyombo viwili tofauti.

Kisha toa donge la koo, shika mausipisi kwenye mkia na upige ukingo kwa kiganja kilichonyooka. Utasikia mlio mfupi, kama kizibo kinachotoka kwenye chupa. Mwanafizikia wa Marekani, Arthur Benade, alionyesha kwamba mambo mawili yanatosha kueleza sehemu kubwa ya tabia ya mausipisi kwenye chombo: ujazo wake, na sauti ya mlio huo. Kikombe kikubwa au koo jembamba vinaushusha mlio. Kikombe kidogo au koo pana vinaupandisha. Mlio ukishuka, noti za juu za chombo nazo huelekea kushuka kulinganisha na za chini, na rangi ya sauti inakuwa nzito. Ukipanda, za juu zinapanda na sauti inang'aa. Kwa hiyo besi ambayo do yake ya chini iko sawa lakini ya juu imelegea kila mara, kabla hujamlaumu mpigaji, sikiliza mlio wa kiganja na uulinganishe na wa mausipisi nyingine.

Bado hujaliona umbo lenyewe. Pakaza ndani ya kikombe sabuni ya maji, kidogo sana. Chukua nta uliyoifinyanga mkononi ikalainika, isukume kikombeni mpaka ijae, kisha tumbukiza mausipisi yote kwenye maji baridi. Nta ikipoa inasinyaa kidogo na kuachia kuta, nawe unaivuta. Sasa una kikombe chako kwa nje. Kikate katikati kwa kisu kilichopashwa moto, lalisha nusu moja juu ya karatasi ya mraba, zungushia penseli. Mchoro huo utakuonyesha kitu ambacho jicho halikioni likitazama kutoka juu: kama kuta zinateremka moja kwa moja kuelekea koo, au zinashuka wima kwanza halafu zinajikunja.

Kuta zinazoteremka moja kwa moja ni umbo la faneli. Mwanzoni mwa karne ya 20 mpiga tuba August Helleberg, aliyewahi kupiga kwenye bendi ya Mmarekani John Philip Sousa, alitaka kikombe kirefu cha aina hiyo, kampuni ya Conn ikakitengeneza, na mpaka leo viwanda vingi vinakiiga. Sauti yake ni nyeusi na laini, na noti zinaungana bila kukatika. Kuta zinazojikunja ni umbo la bakuli. Vincent Bach, mpiga tarumbeta aliyezaliwa Baden karibu na Vienna na kuanza kutengeneza mausipisi New York mwaka 1918, aliyapendelea mabakuli. Bakuli linaanza noti kwa uwazi na linasikika mbali, ila halisamehe ulimi mzito. Tuba yenyewe ilisajiliwa Berlin mwaka 1835 na Wilhelm Wieprecht na Johann Gottfried Moritz, na tangu wakati huo mpaka leo wapigaji hawajakubaliana kikombe kipi ndicho chake. Ndiyo maana ni halali kabisa wewe wa mitaa ya Tabora kama Isevya au Ng'ambo kufanya uchunguzi wako.

Hatua ya tatu: badili umbo kwa nta

Hii ndiyo hatua nitakayokaa nayo muda mrefu, kwa sababu karibu kila kitu unachohitaji kukijua kimo humu.

Anza na mausipisi kubwa kuliko unayodhani inakufaa. Nta inapunguza nafasi, haiongezi. Ukianza na kikombe kidogo utakuwa umejifungia mlango.

Yeyusha nta ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji, kamwe usiweke kopo juu ya moto wenyewe. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 na ikizidi sana inashika moto. Kwa tabaka nyembamba huhitaji hata kuiyeyusha: ifinyange kwa vidole iwe kama kamba nyembamba za tambi, zipange ndani ya kikombe kilichopashwa kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa vizuri. Maji yakibaki, nta haishiki.

Sasa tengeneza kigezo. Kwenye ule mchoro wako, chora ndani yake umbo jipya unalolitaka, mathalani faneli ndani ya bakuli. Lihamishie kwenye kadibodi, likate nusu yake, kisha pakaza kadibodi nta iliyoyeyuka ili isinyonye unyevu. Liingize kikombeni, lizungushe ukilishikilia wima katikati ya koo. Linakwangua nta iliyozidi na kukuonyesha ilipopungua. Ongeza, zungusha tena. Mwisho lainisha kwa kidole gumba kilicholowanishwa.

Acha milimita 5 za juu kabisa, chini ya ukingo, bila nta. Pale midomo inaingia na kucheza. Ukiweka nta hapo utakuwa umebadilisha upana badala ya kina, na hutajua badiliko limetoka wapi. Hii ndiyo kanuni ya kazi yote: badiliko moja kwa wakati. Ukibadilisha kina na koo siku moja, sauti ikipendeza hujui ushukuru kipi.

Pima ujazo tena kwa bomba la sindano. Kwa mara ya kwanza punguza kama mililita 1. Kwenye tuba hiyo inatosha kusikika, na kwenye eufoniamu ni nyingi, huko anza na nusu mililita.

Tahadhari tatu. Nta inalainika kabla ya kuyeyuka, hivyo usiache mausipisi yenye nta kwenye kiti cha gari au juu ya tanki la pikipiki mchana wa Oktoba. Kabla ya kupuliza pitisha kidole kila mahali; kipande kilicholegea kikiingia ndani kitafika kwenye vali ya kwanza, na nta iliyochanganyika na mafuta ya vali inanata vibaya. Na usivute pumzi kupitia mausipisi, vuta kwa pembe za mdomo kama kawaida.

Kuiondoa ni rahisi: maji ya moto ndani ya beseni, kitambaa, halafu sabuni. Kama mausipisi ni ya plastiki, maji yasiwe yanayochemka. Maji yenye nta yamwage nje ardhini, usiyamwage kwenye sinki, na donge lililoganda juu yake lihifadhi, linatumika tena.

Kwa kawaida mpigaji wa besi mwenye shida ya noti za juu hupata nafuu kwenye tabaka la kwanza au la pili, na anayepoteza uzito wa noti za chini hugundua kwamba kikombe chake kilikuwa sahihi tangu mwanzo. Jibu hilo la pili nalo ni jibu, liandike.

Hatua ya nne: sikiliza kwa haki

Masikio ya mpulizaji yako mahali pabaya kuliko yote. Sauti ya besi inatoka juu au mbele, na mifupa ya kichwa inakupelekea sauti yake yenyewe. Ukikaa peke yako chumbani utachagua mausipisi inayokufurahisha wewe, si inayowabeba waimbaji.

Tafuta mtu mwenye sikio zuri, mwalimu wa kwaya kwa mfano, akae kiti cha nyuma kabisa kanisani akiwa amekupa mgongo. Mpe daftari. Usimwambie unapuliza ipi. Piga noti ndefu kwa sauti ndogo, kisha kwa sauti kubwa; telezesha do, sol, do ya juu na kurudi bila ulimi; piga mianzo minne mifupi kwenye noti ya chini kabisa unayoimudu; malizia na mstari wa besi wa wimbo mnaoufahamu wote. Rudia kwa mausipisi ya zamani na ile yenye nta, ukichanganya mpangilio. Mausipisi ya zamani lazima iwepo kila mara, maana bila ya kulinganishia, kila kipya kinaonekana kizuri.

Msikilizaji wa aina hii hana haja ya maneno ya kitaalamu. Mwalimu mmoja wa kwaya aliniambia tu, "Kaka, hii ya pili waimbaji wangu wanaweza kuiegemea." Hilo lilinitosha kuliko namba za simu.

Namba za simu nazo zina kazi yake. Fungua programu ya kupima noti, piga kila noti bila kuitazama, ikitulia ndipo ufungue macho. Andika imepanda au imeshuka senti ngapi. Senti 100 ni nusu toni. Zingatia hali ya hewa: sauti ya vyombo vya kupuliza hupanda karibu senti 3 kwa kila nyuzi 1 ya joto la hewa iliyo ndani ya bomba. Asubuhi ya Julai hapa Tabora ni baridi kweli, na mchana jua limewaka. Ukijaribu mausipisi moja saa moja asubuhi na nyingine saa nane mchana, unapima jua. Fanya zote kwenye kikao kimoja, na upashe chombo kwa kupuliza kwanza.

Ukirekodi, sikiliza kwa hedifoni. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa mtetemo wa mara 58 kwa sekunde, kwa hiyo inakunyima ile sehemu hasa unayoitafuta.

Jaribu pia nje. Wakristo wa Kanisa la Moravian walianza kuadhimisha alfajiri ya Pasaka makaburini huko Herrnhut, Ujerumani, katika karne ya 18, na tangu Kanisa hilo lilipoipokea kazi ya misheni ya Urambo mwaka 1898, desturi zake zimeota mizizi huku magharibi. Kila aliyepiga besi alfajiri hiyo anajua kwamba sauti iliyojaza kanisa inaweza kupotea kabisa mahali pasipo na ukuta wala bati. Faneli refu linaumia zaidi hapo. Kikundi kinachopiga sana kwenye maandamano, mahafali na harusi za nje kinahitaji bakuli zaidi kuliko kinachopiga ndani. Mimi kwa maoni yangu, mpigaji mmoja kuwa na mausipisi mbili kwa kazi mbili si anasa, mradi ukingo wake ufanane ili midomo isichanganyikiwe.

Na usihukumu siku ya kwanza. Midomo ikizoea umbo la zamani, umbo jipya linaonekana adui kwa siku kadhaa.

Hatua ya tano: koo, kwa uangalifu

Kupunguza koo kwa majaribio ni rahisi. Kata utepe wa plastiki ya chupa ya maji, upana kama milimita 12, ukunje uwe mrija, uuingize kooni ujifungue wenyewe na kubana ukuta, ushikize kwa nta nyembamba. Utasikia upinzani umeongezeka, pumzi inadumu zaidi, na noti ndogo zinatulia. Ukipenda, umejua. Usipopenda, vuta utoe.

Kupanua ndiko kunakoharibu. Koo likitoka 7.5 likawa 8.0, eneo la kupitisha hewa linaongezeka karibu asilimia 14, na chuma kilichotoka hakirudi. Vijana wengi hupenda koo pana kwa sababu linatoa sauti kubwa dakika tano za kwanza. Mwisho wa ibada ndefu pumzi zimewaishia na noti zinayumba. Nashauri usipanue kabla hujajaribu mkia, kina na umbo. Ukifika huko, usitumie drili ya mkono: biti za dukani zinaruka nusu milimita nzima. Zungushia kijiti msasa laini, kisugue kwa mkono, pima kila baada ya muda mfupi, simama kila sehemu ya kumi ya milimita ukapulize.

Hatua ya sita: mpelekee fundi

Fundi anayekereza bushi za mashine za kusaga nafaka anaweza kukereza mausipisi, ilimradi umpe mchoro wenye namba. Usimpe mausipisi ukasema "nitengenezee kama hii". Mpe ule mchoro wa karatasi ya mraba, mpe kigezo cha kadibodi akizungushe mwenyewe ndani ya kazi yake, na umwambie tepa ya mkia, yaani mteremko wake, ni 1 kwa 20, unene wa ncha ni kadhaa, urefu ni kadhaa. Mkubaliane bei kabla, na kaa naye wakati wa kukata mkia. Chaki yako uwe nayo mfukoni.

Kazi ya kwanza iwe ya nailoni, ile nyeupe ngumu wanayokerezea bushi. Inakatika vizuri, haipasuki, na ikiharibika hasara ni ndogo. Kama anaweza kukata nyuzi za skrubu, mwombe mausipisi ya vipande viwili: ukingo peke yake juu, kikombe na mkia chini. Utabakia na ukingo mmoja unaoupenda na vikombe kadhaa vya kubadilisha, na majaribio yako yote yatakuwa safi.

Mbao inavutia sana hapa kwetu, na karakana za samani zina mabaki ya mninga kila kona. Mninga unakerezeka vizuri lakini vinyweleo vyake viko wazi na vinakunywa mate; bila kujazwa utavimba na kubadili umbo. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na mafundi wa Ulaya wanautengenezea klarineti kwa sababu hiyo hiyo: unashika umbo. Kwa kikombe chagua mpingo uliokauka miaka mingi, na mkia ufunikwe pete ya chuma usipasuke. Fundi na wewe mfunike pua na mdomo. Vumbi la mninga linaweza kuleta kifua kubana, na la mpingo linawasha ngozi za watu wengi.

Shaba ya njano iwe ya mwisho, ukishajua namba zako zote. Baada ya kukereza, ukingo upite msasa laini, kisha laini zaidi wa maji, kisha kitambaa chenye dawa ya kung'arishia, mpaka ukucha ukipita usikwame popote. Ukingo wa ndani usiufanye mkali sana kwa kutafuta mianzo safi. Midomo ya mpiga besi inakaa pale muda mrefu. Chora namba ndogo kwenye shingo ya kila kipande na uiandike daftarini pamoja na ujazo, koo na tarehe.

Fahamu pia kwamba vyuma vingi vya shaba ya njano vinavyouzwa kwa kukerezwa vimechanganywa risasi, kufika hata asilimia 3, ili vikatike kirahisi. Risasi haifai kugusa midomo kila siku, hasa ya watoto wa kikundi. Ukingo na kikombe vichovywe fedha kwa mafundi wa kazi hiyo. Mpaka ipatikane nafasi hiyo, pulizia mausipisi ya shaba tupu kwa majaribio mafupi tu, usiiazime, na unawe midomo na mikono kabla ya kula.